Mtoto wa miezi minne na nusu: nimwanzishie chakula sasa au nisubiri atimize sita?

Mama Swabra, Jinja

Hamjambo, ndugu zangu. Nina binti wa miezi minne na nusu, aliyezaliwa kwa wakati wake na kwa uzito mzuri, ambaye tangu azaliwe hajaonja kitu chochote isipokuwa maziwa yangu na matone ya chanjo. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki unaendelea kupanda. Hata hivyo, siku hizi ameanza kuamka mara kwa mara usiku akitaka kunyonya, anatafuna ngumi zake mchana kutwa, na tunapokaa kula anafuata kwa macho kila tonge mpaka liingie kinywani mwa mwenyewe.

Mama mkwe, ambaye ametoka Iganga kuja kunisaidia na ambaye ninamheshimu sana, anaona kwamba maziwa yangu hayamtoshi tena mtoto. Ananishauri nimpe uji mwepesi wa mahindi wenye sukari kidogo, kwa kuwa wanawe wote walianza hivyo wakiwa na miezi mitatu na leo ni watu wazima wenye afya. Muuguzi wa kliniki anasema nisubiri miezi sita. Dada yangu anayeishi Ujerumani anasema kwamba huko akina mama huruhusiwa kuanza mara tu mtoto anapoingia mwezi wa tano. Juu ya hayo yote, mimi ni mwalimu, muhula unafunguliwa karibuni, na nitakuwa mbali na mtoto tangu asubuhi hadi saa kumi jioni.

Naomba anayelifahamu jambo hili anieleze: je, nifuate umri au nifuate dalili anazoonyesha mtoto? Na je, ni kweli kwamba uji ndio chakula cha kwanza kinachofaa, au tumeuzoea tu? Sitaki kumwanzishia mapema nikamletea kuhara, wala sitaki kung'ang'ania tarehe ilhali mtoto ana njaa.

Mkunga wa Mukono

Dada Mama Swabra, hongera kwa kumfikisha binti hapo kwa maziwa yako peke yake. Jibu langu ni kwamba usubiri atimize miezi sita, na akishatimiza usichelewe. Sehemu hizo mbili zina uzito sawa, ingawa sisi wahudumu wa afya tumezoea kuisisitiza ile ya kwanza na kuipita haraka ile ya pili.

Dalili ulizozitaja huwahadaa wazazi wengi. Mtoto wa miezi minne hutafuna ngumi kwa sababu ndipo anapozigundua, na kinywa ndicho anachojulia kila kitu. Huyatazama matonge kwa jicho lilelile analoitazamia simu au kuku anayepita uani. Kuamka usiku nako ni kwa kawaida katika umri huo, kwani usingizi wake unabadilika, na mchana huvutwa na mambo mengi hata anaacha kunyonya kabla hajashiba, kisha hulipia usiku. Mtoto anayeongezeka uzito na kukojoa mara sita au zaidi kwa siku anapata maziwa ya kutosha, kwa hiyo wasiwasi wa mama mkwe umekwisha kujibiwa na kadi uliyonayo mkononi.

Dalili zinazohesabika ni nyingine. Mtoto aweze kukaa akiegemezwa na shingo yake isimame imara. Aweze kukiona kitu, akishike na kukipeleka mdomoni mwenyewe. Na ulimi wake uwe umeacha ile tabia ya kukisukuma nje kila kinachowekwa juu yake. Watoto wengi waliozaliwa kwa wakati hukamilisha mambo hayo karibu na miezi sita, ndiyo maana umri na dalili havigombani. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa kwa namna nyingine, na mzazi wake aonane na mhudumu kabla ya kuamua.

Sasa kuhusu uji mwepesi. Mililita 100 za maziwa ya mama hubeba takriban kalori 65, pamoja na mafuta ya kujenga ubongo na kinga dhidi ya magonjwa, ilhali uji mwepesi wa mahindi kwa sehemu kubwa ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo, hupokea takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo kila kikombe cha uji huchukua nafasi ya maziwa yaliyo bora kuliko huo uji. Ziwa lisilonyonywa nalo hupunguza kutengeneza, na baada ya majuma machache mama huambiwa, "Si tulikwambia maziwa yako ni machache?" Ongeza hapo kijiko, kikombe na maji, ambavyo ndiyo njia kuu ya kuhara kuingia nyumbani. Kwa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi ushauri ni huohuo: anyonyeshe bila kuchanganya na kitu kingine hadi miezi sita, huku akimeza dawa zake kila siku.

Kwa nini basi tusingoje miezi minane, kama wanavyofanya wengine kwa hofu? Sababu kubwa ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata tumboni, na akiba hiyo hupungua sana anapokaribia miezi sita. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo mno, ilhali tangu mwezi wa saba mtoto anahitaji karibu miligramu 11 kwa siku. Utafiti wa Demografia na Afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo katika hesabu hiyo, lakini chakula cha mtoto pia kimo, na sehemu hiyo iko mikononi mwetu.

Ndiyo sababu nadhani tunabishana sana juu ya siku ya kuanza na kidogo sana juu ya kitakachowekwa kwenye bakuli. Utafiti huohuo ulikuta kwamba katika eneo la Tooro, magharibi mwa Uganda, watoto wanne kati ya kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Tooro si nchi ya njaa. Migomba imejaa, maharagwe yapo, maziwa yapo. Mtoto hushibishwa matoke matupu au uji mtupu, akalala vizuri, na mwili wake ukabaki bila cha kujengea. Wahudumu wa kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, katika hospitali ya Mulago, wamewafundisha akina mama kwa miaka mingi kupika kitobero, na mimi sijaona chakula cha kwanza kinachokishinda kwa nyumba ya kawaida. Unachukua chakula cha nguvu, kama matoke au kiazi kitamu cha rangi ya chungwa; unaongeza maharagwe yaliyolowekwa na kumenywa, au karanga zilizotwangwa; unaongeza mukene (dagaa) wa kusaga, nyama iliyokatwakatwa sana au yai; unaweka mboga ya majani kama dodo (mchicha). Vyote unavifunga pamoja katika jani la mgomba na kuvipika kwa mvuke mpaka vilainike kabisa, kisha unaviponda. Hakuna kinachomwagwa na maji ya kuchemshia, na sufuria moja ya familia inatosha, kwa kuwa kifurushi cha mtoto hukaa juu ya matoke ya watu wazima.

Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, baada ya kumnyonyesha, kisha ongeza polepole hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Kufikia miezi tisa apate milo mitatu au minne. Chakula kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kutiririka. Chumvi na sukari havihitajiki. Asali isiguswe mpaka atimize mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga. Na chai, hata ya maziwa, asipewe kabisa, kwani huzuia mwili kufyonza chuma kilekile tunachohangaika kumpa.

Baba Ibra, Ntinda

Mama Swabra, naomba niseme jambo moja juu ya dada yako wa Ujerumani, kwa sababu sisi pia tulipokea ushauri wa aina hiyo kutoka kwa ndugu zetu wa ng'ambo na ukatusumbua. Dada yako hakukosea. Madaktari wa watoto wa Ulaya wanasema chakula kisianze kabla ya miezi minne kutimia wala kisicheleweshwe kupita miezi sita, na Ujerumani hufuata nafasi hiyo. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, limesimama kwenye miezi sita tangu mwaka 2001, kwa kuwa linawaandikia wazazi wa dunia nzima, wakiwemo wanaochota maji kisimani na wasio na jokofu. Nyumba ya Jinja yenye maji ya bomba bado huchemsha maji ya kunywa, kwa hiyo sioni faida ambayo binti yako mwenye afya angeipata kwa kuanza majuma sita mapema.

Yapo mazingira ambayo miezi minne huzungumzwa kwa sababu ya kitabibu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa London na kuhusu watoto wachanga 640 wenye pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai, waliokuwa na umri kati ya miezi minne na 11. Nusu yao walilishwa vyakula vya karanga mara kwa mara na nusu waliziepuka, na walipofikia miaka mitano wale waliokula walikuwa na mzio wa karanga kwa kiwango cha chini mno kuliko wale walioepushwa. Mwanetu alikuwa na pumu ya ngozi kali, kwa hiyo tuliamua siku ya kuanza pamoja na daktari wake, hatukuamua wenyewe nyumbani. Kwa mtoto asiye na tatizo hilo, fundisho lililobaki ni kwamba akishatimiza miezi sita usimnyime karanga, yai wala samaki kwa kuogopa mzio, kama wazazi wengi walivyokuwa wakishauriwa zamani. Mpe kimoja kipya kwa siku, asubuhi, ili umwangalie.

Lakini karanga ziwe zimesagwa na kupikwa ndani ya chakula. Karanga nzima inaweza kumpalia mtoto na kumziba pumzi, na hatari hiyo hudumu mpaka avuke miaka mitano. Tena uzichague mwenyewe kabla hazijapelekwa kusagwa, ukitupa zilizonyauka na zilizoota ukungu, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Unga wa karanga unaouzwa tayari sokoni hauonyeshi ulitokana na karanga za namna gani, na mimi binafsi siununui kwa ajili ya mtoto.

Mwalimu wa Bombo

Mwalimu mwenzangu, nimeona wote wamelijibu suala la chakula wakaliacha la kazi, nalo ndilo linalowafanya walimu wengi waanze uji kabla ya wakati. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatupa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye mshahara kamili, ambazo ni kama miezi mitatu, na miezi mitatu iliyobaki kufikia sita sheria imetuachia wenyewe. Ninaamini serikali inayotuhimiza kunyonyesha miezi sita ingepaswa kutupa likizo inayolingana na himizo lake.

Kwa sasa, anza kukamua maziwa kabla muhula haujafunguliwa, ili mkono uzoee na mtoto naye azoee kunywa kwa kikombe kidogo. Kikombe chenye mdomo mpana husafishika kwa urahisi kuliko chupa ya chuchu, na hata mtoto mdogo hujifunza kukilamba taratibu akikalishwa wima. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne katika chumba kisicho na joto kali, na hukaa siku nne katika jokofu. Nyonyesha kabla ya kutoka, kamua wakati wa mapumziko na wa chakula cha mchana, na urudipo mpe ziwa kabla ya kufanya jambo lolote lingine. Mweleze mapema mwalimu mkuu ili upate chumba chenye mlango. Mara nyingi wakuu wetu hukubali wakiombwa waziwazi.

Bibi wa Arua

Mwanangu, nimesoma yote na sina ninalolipinga katika maneno ya mkunga. Ninachoomba ni kwamba usimshinde mama mkwe wako kwa hoja. Sisi tuliolea watoto zamani tulianza uji mapema kwa sababu tulirudi shambani mapema, na mtoto aliyeachwa kwa dada yake mwenye miaka minane alipaswa kupewa kitu chochote kilichokuwepo. Haikuwa ujinga wala uzembe. Tena si watoto wote walikua. Wapo tuliowazika wakiwa wameharisha, na wanawake wa rika langu hawapendi kuwataja. Akikwambia kwamba wanawe wote ni wazima, mshukuru Mungu pamoja naye, kisha umwombe akusindikize kliniki siku ya kupima uzito, aisikie habari hii kutoka kwa mhudumu badala ya kuisikia kutoka kwa mke wa mwanawe.

Na mpe kazi. Mjukuu akitimiza miezi sita, yeye ndiye awe mwenye kuchagua karanga, mwenye kumenya maharagwe na mwenye kumlisha mchana ukiwa shuleni. Anayelisha kwa subira, akimtazama mtoto usoni na kuzungumza naye, humfanya ale zaidi kuliko anayemshindilia, na subira hiyo sisi wazee tunayo.

Mama Swabra, Jinja

Nawashukuru nyote kwa dhati, hasa Bibi, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nitangoja miezi sita. Nimezungumza na mama mkwe na amekubali kuja kliniki, ila ameniuliza maswali mawili ambayo sikuweza kuyajibu. La kwanza, je, uji wa ulezi nao hautakiwi kabisa, maana kwake nyumba yenye mtoto na isiyo na uji si nyumba? La pili, mukene una miiba na mchanga. Mtoto asiye na meno atauwezaje? Nami naongeza langu: akikataa chakula siku za mwanzo, nilazimishe au niache?

Mkunga wa Mukono

Mwambie mama mkwe kwamba uji wa ulezi una nafasi yake baada ya miezi sita, mradi uwe mzito na uwe na kitu ndani yake: karanga zilizosagwa, maziwa yaliyochemshwa au yai lililopigwa na kuivishwa humo. Ikiwa anajua kutengeneza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, na wazee wengi wa huko kwao wanajua, basi anao ujuzi tunaouhitaji. Apike uji mzito sana, auache upoe kidogo, atie kijiko kidogo cha unga wa kimea na kuukoroga. Utalegea wenyewe bila kuongezwa maji, kisha aurudishe motoni uchemke tena. Mtoto atameza kwa urahisi uji wenye nguvu ya ule mzito. Kuotesha nafaka pia hupunguza vile vitu vinavyozuia chuma kufyonzwa, na kipande cha papai au embe baada ya mlo husaidia zaidi, kwa sababu ya vitamini C.

Kuhusu mukene, tafuteni uliokaushwa juu ya chanja, si ule ulioanikwa mchangani ufukweni. Uoshwe kwa maji ya moto mara kadhaa, ukaushwe tena, ukaangwe bila mafuta hadi ukauke kabisa, kisha utwangwe na kuchekechwa kwa chujio laini. Miiba yake ikishakuwa unga haimdhuru mtoto, bali humpa madini ya mifupa, na kijiko kimoja cha chai katika mlo kinatosha. Unga huo ukae kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, na msisage mwingi kwa wakati mmoja.

Akikataa, usimlazimishe. Ondoa chakula kwa utulivu na umpe kilekile siku nyingine. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane au kumi kabla hawajakikubali, na wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara ya pili. Akiumwa, mnyonyeshe zaidi na umpe chakula kidogokidogo mara nyingi, na akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa majuma mawili ili arudishe alichopoteza. Mkienda kliniki siku ya kutimiza miezi sita, ulizeni pia matone ya vitamini A, ambayo huanza kutolewa umri huo, na dozi ya kwanza ya chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa hapa nchini Aprili 2025 katika wilaya zenye malaria nyingi na ambayo nayo huanza mtoto anapotimiza miezi sita.